Pochi ya Kuibiwa

Mzee Abdulazizi Bwanausi, fundi cherehani wa Bagamoyo, hakuwahi kuibiwa hata senti, na jambo hilo alilihesabu kuwa tunda la elimu, si la bahati. Gazeti lolote lililofika barazani kwake, hata likiwa limefungiwa vitumbua, alilisoma mpaka tangazo la mwisho, na habari iliyomgusa aliikata kwa mkasi wa kazi akaitunza. Alikuwa na kipande juu ya ugonjwa wa kuku, kingine juu ya kupatwa kwa mwezi, kingine juu ya madhara ya chumvi. Lakini alichokipenda kuliko vyote kilikuwa na kichwa cha herufi nene: JILINDE NA WEZI UWAPO SAFARINI.

"Mwizi haangalii mfuko wako," alipenda kuwaambia wateja, mguu ukikanyaga cherehani. "Anaangalia mkono wako. Ukiigusagusa fedha yako kila hatua, umemwonyesha mlango na ufunguo ukampa."

Sasa safari ilikuwa imefika, na safari yenyewe haikuwa ya kufanyia mchezo. Binti yao, Najma, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alikuwa amemtafutia mama yake nafasi katika kikundi cha kwenda umra. Lililobaki lilikuwa pasipoti. Na ili kuomba pasipoti, Bi Mwanamvua alitakiwa kufika mwenyewe ofisini, Jumatatu asubuhi, akiwa na cheti chake halisi cha kuzaliwa. Asipofika siku hiyo, au akifika bila cheti, kikundi kingemwacha.

Na cheti hicho kilipatikana kwa jasho. Bi Mwanamvua alizaliwa nyumbani, Fukayosi, mkunga akiwa bibi yake, na karatasi ya kwanza iliyomtambua duniani ilikuwa ya mnada wa mbuzi. Kumtafutia cheti ukubwani kulihitaji viapo, mashahidi, na nenda-rudi ambazo zilimaliza soli za viatu vya mumewe. Siku kilipotoka, Bi Mwanamvua alikishika kwa mikono miwili, akacheka, akasema, "Kumbe kweli nimezaliwa!"

Kwa hiyo mzee alikaa na kipande chake cha gazeti, akapanga.

Mkewe alikuwa amenunua doti mpya ya kanga, nyekundu na nyeusi, yenye jina SINA CHA KUFICHA, akampa aipinde. Hapo ndipo wazo lilipomjia mzee. Alikitia cheti kwenye nailoni, akakikunja kwa urefu, kunjo juu ya kunjo, mpaka kikawa chembamba kama utepe. Akakiingiza ndani ya pindo la kanga ya kujitanda, pamoja na noti za safari zilizokunjwa vivyo hivyo, akapitisha mshono wa cherehani juu yake. Ungeitazama kanga ile, usingeona ila kanga.

Hakumwambia mkewe. Siri, kwa mzee Abdulazizi, ilikuwa ya mtu mmoja. Ikifika kwa wawili imeshakuwa habari. Asiyejua hawezi kugusagusa, na asiyegusagusa haonekani na mwizi.

Ili kuukamilisha mtego, alitafuta pochi kuukuu, akaijaza vile vipande vyake vya gazeti mpaka ikavimba kama andazi, akaichomeka mfuko wa nyuma wa suruali, nusu ndani, nusu nje. Hiyo ilikuwa pochi ya kuibiwa. Mwizi aichukue, aende zake, ajue namna ya kutibu kuku.

Waliondoka Jumapili asubuhi. Walipanga kulala Mapinga, kwenye harusi ya Zuleha, binti wa marehemu dada yake Mwanamvua, kisha Jumatatu alfajiri waelekee Dar. Bi Mwanamvua alikuwa amejitanda kanga yake mpya, mkononi ana kapu, na kwapani bahasha kubwa ya kaki yenye picha ya eksirei ya goti lake.

"Hiyo bahasha ya nini, mama Najma?" mzee aliuliza. "Tunakwenda kwenye pasipoti, si kwa daktari."

"Nikitoka huko nitapita kwa daktari. Goti langu halijui kama kuna pasipoti." Akajitanda vizuri. "Na kanga hii, baba Najma, inalia. Nikigeuka, chakaracha. Nikiinama, chakaracha."

"Ni ugumu wa kiwandani. Ikifuliwa itanyamaza."

Bi Mwanamvua alimtazama kidogo, akatabasamu, akaifuata njia.

Stendi, mzee alitembea polepole katikati ya watu, pochi ikichungulia nyuma yake kama mkia. Mara kwa mara aliipiga kofi jepesi, makusudi, ili wenye macho waone. Alipita mbele ya wauza karanga. Alipita kati ya wapiga debe. Alisimama akajifanya kusoma bango. Hakuna aliyemgusa. Mwishowe kijana mmoja mwenye macho mekundu, ambaye mzee alimwekea matumaini makubwa, alimkaribia kwa nyuma, akaisukuma pochi ndani ya mfuko kwa kidole.

"Mzee wangu, shikamoo. Pochi inadondoka hiyo. Dunia imeharibika, mzee."

"Marahaba," mzee alijibu kwa uchungu, na kijana alipopotea akaichomoa tena nusu.

Walifika Mapinga kabla ya adhuhuri. Turubai la wanaume lilikuwa mbele ya nyumba, uwanja wa wanawake ubavuni, na sufuria za pilau nyuma. Mzee alikaa mahali ambapo kwa jicho moja aliona wenzake, na kwa jicho la pili aliiona kanga ya mkewe. Alikuwa na amani. Aliwasimulia wenye harusi kuhusu kupatwa kwa mwezi, akaletewa kahawa, akaomba ya pili.

Amani hiyo ilikatika mara moja, vigelegele vilipopanda.

Mwali alikuwa anatolewa nje. Zuleha alitokea mlangoni amefunikwa, na kando yake, amemshika mkono, alikuwa kungwi wake, Bi Dija, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Na kama ada ilivyo, wanawake wa ukoo wakaanza kuvua kanga zao mabegani na kuzitandika chini, moja mbele ya nyingine, ili mwali asikanyage mchanga. Shangazi akatandika. Wifi akatandika. Kisha Bi Mwanamvua, machozi yanamlengalenga kwa kumkumbuka dada yake, akaivua kanga nyekundu na nyeusi, akaipepea juu mara moja, akaitandaza.

Zuleha alipita juu ya SINA CHA KUFICHA kwa miguu miwili yenye hina.

Kikombe cha kahawa kilimtoka mzee Abdulazizi mkononi. Jirani yake alidhani kaguswa na uzuri wa mambo, akampa leso.

Ila lililomtoa jasho si nyayo za mwali, ni lililofuata. Bi Dija alikuja nyuma akiziokota kanga zile, akizikunja, akizitia ndani ya furushi lake. Maana kanga iliyotandikiwa mwali ni ya kungwi. Haiombwi, hairudi. Kuirudisha ni kumnyang'anya mwali baraka siku ya kwanza.

Angekuwa kungwi mwingine, pengine mzee angemnong'oneza ukweli. Lakini Bi Dija alikuwa mtoto wa shangazi yake, binamu wa damu, na kwa watu wao binamu ni mtani. Neno ukimpa mtani leo, utalisikia kila harusi na kila matanga mpaka unazikwa, na siku ya kuzikwa litasemwa kwa sauti. Zaidi ya hilo, wawili hao walikuwa na kesi yao ya zamani: nani alizaliwa mwanzo. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na tangu utotoni kila mmoja alikuwa akimdai mwenziwe shikamoo.

Mzee alimvizia karibu na sufuria za pilau.

"Dija."

"Abdu! Kwanza nipe shikamoo yangu, ndipo tuongee."

"Nikupe shikamoo mimi? Mimi niliyekuona unatambaa?"

"Uliniona ukiwa wapi? Si ukiwa mgongoni umefungwa mbeleko! Haya, una shida gani? Uso wako kama wa mtu aliyemeza sindano."

"Ile kanga ya mke wangu. Nyekundu."

"Kanga yangu."

"Kanga yako, sawa. Nataka nikubadilishie. Nikuletee doti nyingine mpya." Akamwona anakunja uso, akaongeza haraka, "Doti mbili."

Bi Dija aliweka upawa chini.

"Abdu. Wewe mkono wa birika, uliyenishonea gauni ukanirudishia uzi uliobaki ukitaka nikushukuru, leo unatoa doti mbili kwa kanga moja iliyokanyagwa? Kuna nini?"

"Nimelipenda jina lake."

"Sina cha kuficha?"

"Ndiyo."

"Hm!" Bi Dija alimtazama juu mpaka chini, akamzunguka, na macho yake yakatua kwenye mfuko wa nyuma. "Haya. Mimi si mchoyo. Lakini maneno yako nayajua, yanakauka kabla ya mate. Niwekee rehani. Niachie hiyo pochi iliyokuvimba kama jipu. Ukinitumia doti zangu mbili, pochi yako utaipata."

Moyo wa mzee uliruka kwa furaha, lakini uso wake, kwa ustadi ambao alijisifu nao moyoni, ulikunjamana.

"Pochi hii? Dija, ogopa Mungu. Roho yangu yote imo humu!"

"Ndiyo maana nimeitaka. Na rehani haifunguliwi, mimi si mwizi."

Mzee aliishika pochi, akaiachia, akaishika tena. Akahema. Akampa kama mtu anayemkabidhi mwanawe kwa jeshi. Bi Dija akaichomeka kifuani, akafungua furushi, akamtupia kanga yake.

Aliondoka akijizuia asikimbie. Nyuma ya nyumba, palipokuwa na migomba, alichutama, akatoa wembe ambao fundi hatembei bila kuwa nao, huku akicheka peke yake. Kumdanganya Dija! Vipande vya gazeti kwa kanga! Hilo nalo lilistahili kuandikwa gazetini.

Alipoushika upindo, kicheko kilipungua. Mshono ule haukuwa wa cherehani. Ulikuwa wa mkono, mdogo mdogo, uliolala upande kidogo. Na mkono huo aliufahamu, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeufundisha.

Alifumua. Ndani hamkuwa na nailoni. Mlikuwa na karatasi iliyokunjwa kwa urefu, kunjo juu ya kunjo, nyembamba kama utepe. Akaikunjua, na herufi nene zikamtazama: JILINDE NA WEZI UWAPO SAFARINI.

Bi Mwanamvua aliitwa akatoka na kisahani cha pilau. Alimkuta mumewe amekaa chini kabisa, kanga mapajani.

"Subhanallah! Umeipataje hiyo? Na mbona umeifumua kanga ya watu?"

"Mama Najma. Cheti kiko wapi?"

"Kipo kwenye pochi yako."

Mzee alifumba macho.

"Leo ulipokwenda kusali alfajiri," Bi Mwanamvua alieleza, akikaa kwenye kigogo, "niliipapasa kanga, maana ililia mno. Nikafumua, nakuta cheti changu na fedha. Nikashangaa. Na mimi tangu juzi nilijua kanga hii nitamtandikia Zuleha, nilimwahidi dada. Nikaitazama pochi yako, nakuta magazeti. Nikasema, maskini mzee wangu, macho yameanza kumtupa: gazeti ametia pochini, cheti kakishonea kwenye kanga. Basi nikavirudisha kila kimoja mahali pake. Magazeti yaliyozidi nimeyaacha humohumo pochini."

"Na hukuniambia!"

"Wewe uliniambia? Nami nikasema ngoja tuone nani atasema mwanzo. Tena nilituliza roho, maana njia nzima nilikuona unaipiga pochi makofi. Nikajua unaijua thamani yake, unailinda."

Mzee Abdulazizi aliikumbuka stendi. Akawakumbuka wauza karanga, wapiga debe, na yule kijana wa macho mekundu aliyemdhania mwizi. Akamwombea dua kimyakimya, kijana yule na wazazi wake.

"Basi kitoe tukiweke vizuri," mkewe alisema.

"Nimempa Dija."

"Nani?"

"Dija. Pochi. Rehani ya kanga. Nilidhani namdanganya."

Mabega ya Bi Mwanamvua yakaanza kumcheza. Kisha alicheka mpaka pilau likamwagika na kuku wa jirani wakaja. Lakini alipojifuta macho, kicheko kilikuwa kimekwisha, na sauti yake ilishuka.

"Baba Najma, kesho ndiyo kesho. Mimi nimeshaaga watu. Nenda."

"Nitamwambia nini? Atanitangaza Bagamoyo yote."

"Ndiyo. Nenda."

Alikwenda. Bi Dija alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake wa ukoo, sinia mbele yake, na wacheza ngoma wakipumzika pembeni. Mwanamume hapiti hapo hivihivi. Alipotokea, wanawake waliacha kula.

"Dija, nimebadilisha mawazo. Chukua kanga, nipe pochi."

Bi Dija aliichukua kanga, akaikunjua mbele ya wote. Upindo ulining'inia kama utumbo.

"Jamani, tazameni! Kanga ya mwali! Fundi mzima na wembe wake!"

Wanawake wakapiga kelele. Mmoja akasema panya wa Bagamoyo siku hizi wanavaa kofia.

"Kulikuwa na nini humu, Abdu?" Bi Dija aliuliza. "Sema kweli. Ukisema uongo, pochi hii nawatunza wacheza ngoma sasa hivi, na kilichomo chao." Aliichomoa kifuani na kuiinua. Mpiga msondo akainua kichwa.

Kooni mwa mzee mlikuwa na uongo wa aina tatu, wote mzuri. Alimtazama mkewe, aliyesimama kwenye pembe ya nyumba, kichwa wazi kwa kukosa kanga. Akaumeza uongo wote.

Alisema yote. Alieleza upindo, alieleza pochi ya kuibiwa, alieleza magazeti, alieleza jinsi alivyocheka nyuma ya migomba. Alipofika kwenye kucheka, wanawake walikuwa wamelala mkekani. Mpiga msondo alikuwa ameweka uso ndani ya ngoma yake.

"Mchimba kisima!" Bi Dija alisema, akijipepea. "Yaani ulitaka kunipa kuku mgonjwa wa gazetini, ukanipa mke wako! Ungenieleza kule kwenye sufuria ningekupa kanga bure, na kitoweo juu. Sasa mambo yamekuwa ya utani, na kitu cha mtani hukombolewa."

"Sema unachotaka."

"Unakijua."

Wote walikijua. Mzee Abdulazizi alivua kofia yake ya kushona kwa mkono, akaivaa tena, akakohoa. Alimkumbuka mama yake, ambaye siku zote alimwambia yeye ndiye mkubwa. Akamwomba radhi.

"Shikamoo," alisema.

"Sijasikia. Nimezeeka."

"Shikamoo, dada Dija!"

"Marahaba, mwanangu!" Bi Dija aliitika, na vigelegele vilivyofuata vilikuwa vikubwa kuliko vya mwali. Akampa pochi kwa mikono miwili, na alipoinama kuipokea akamnong'oneza, bila utani hata chembe, "Mwambie Mwanamvua aniombee huko aendako. Na akirudi, mnitafutie na mimi cheti. Tujue."

Jioni ile mzee aliifungua pochi mbele ya mkewe. Cheti kilikuwapo, fedha zilikuwapo, nailoni ilikuwapo. Alishusha pumzi, akataka kuvirudisha.

"Lete cheti na fedha," alisema Bi Mwanamvua.

"Utaviweka wapi?"

"Siri ni ya mtu mmoja. Si ndivyo unavyowafundisha wateja?"

Kesho yake walishukia stendi ya Dar yenye watu kama siafu. Walikuwa hawajamaliza kuvuka barabara mzee alipohisi wepesi nyuma yake, kama upepo uliopita. Akapeleka mkono. Mfuko ulikuwa mtupu.

"Wameiba!" alipaza sauti, uso umemng'aa. "Mama Najma, wameiba pochi! Mtego umenasa!"

Watu waligeuka kumtazama mzee aliyeibiwa akichekelea. Kisha uso ukabadilika rangi.

"Mwanamvua. Hukukirudisha mle? Niambie hukukirudisha."

"Twende, tutachelewa."

"Mwanamvua!"

"Goti linaniuma, baba Najma, usinisimamishe juani."

Njia nzima hakupata jibu jingine. Ofisini walikaa kwenye benchi, na zamu yao ilipofika, mzee alisimama nyuma ya mkewe, akichungulia juu ya bega lake. Kijana wa dirishani alisalimia kwa adabu, akaomba cheti cha kuzaliwa.

Bi Mwanamvua aliichukua ile bahasha ya kaki, bahasha aliyoibeba kwapani tangu Bagamoyo, wazi, mbele ya kila mwenye jicho. Akatoa picha ya eksirei, akaiweka mezani, na chini yake, kimenyooka, kikatoka cheti.

"Goti la bibi kizee," alimwambia mumewe bila kugeuka, "nani ataliiba?"

Kijana alikipokea cheti, akakigeuza kwenye mwanga. Alama za makunjo zilikipita chote toka juu hadi chini, nyembamba, sawasawa, kama karatasi ya mistari.

"Kiko sawa, mama. Lakini mbona kimekunjwa namna hii?"

"Kilipindwa, mwanangu," alijibu Bi Mwanamvua. "Mume wangu ni fundi."